Ulipojikwaa, Si Ulipoangukia

Mada ya semina ya vijana, wazazi na walimu, Soitsambu, Wilaya ya Ngorongoro



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wapo vijana wa huku wanaoondoka nyumbani kabla wiki haijaisha. Mmoja anakwenda Arusha, mwingine Dar es Salaam, mwingine anavuka hadi Zanzibar kutafuta kazi ya ulinzi. Kazi hiyo si aibu, na ziko nyumba nyingi hapa zinazokula kwa fedha inayotumwa na walinzi hao. Kinachoniuma ni kwamba wanaondoka bila kukaa na mtu yeyote wakaulizana kilichotokea. Neno limeshatamkwa, "amefeli", na kila mtu anaona habari imekwisha. Msichana naye mara nyingi hapati hata nafasi ya kuondoka. Kwake neno hilo huwa ndiyo ruhusa iliyokuwa ikingojwa ya kumwoza.

Nimepewa mada ya kujifunza na kukua kutokana na kushindwa. Katika semina kama hizi tumezoea kuwaambia vijana wasikate tamaa. Ni maneno mema, lakini mtu anaweza kukataa kabisa kukata tamaa, akarudia mtihani mara tatu na akaanguka mara tatu kwa sababu ile ile. Methali tunaijua wote: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Ninachotaka tukubaliane leo ni kwamba pa kujikwaa hapaonekani mpaka mtu ametenganisha yaliyokuwa yake na yasiyokuwa yake katika kushindwa kule, na kwamba kazi hiyo ya kutenganisha ni nzito mno kumwachia kijana wa miaka kumi na minane aifanye peke yake.

Jamii ya hapa inaiweza kazi hii. Jioni ng'ombe wanaporudi, mwenye boma anasimama mlangoni. Hana haja ya namba, kwa sababu anamjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo. Akikosekana mmoja, mchungaji anaulizwa: mara ya mwisho ulimwona wapi? Mlinywesha saa ngapi? Alikuwa anachechemea? Alikuwa amekaribia kuzaa? Mlipitia korongo lipi? Kila swali linapunguza eneo la kutafuta. Huenda kijana akachapwa baadaye, lakini maswali yanatangulia, maana giza linaingia na fisi hawangoji. Kisha anarudi porini, na harudi peke yake.

Hasara kubwa zaidi nayo ina utaratibu wake. Mtu akiishiwa mifugo, ukoo unaweza kumchangia apate pa kuanzia, na hiyo ndiyo ewoloto mnayoijua kuliko mimi. Kabla ya kuchanga, wazee wanataka kujua mifugo iliishaje. Aliyemalizwa na ukame hazungumzwi kama yule aliyeuza ng'ombe wake mmoja mmoja na kuwanywa. Ukame wa 2009 ulifagia maboma ya watu hodari kabisa katika wilaya hii na wilaya jirani za Longido na Monduli, na sidhani kama yupo mzee hapa ambaye angewaita wavivu. Nashangaa kwamba utaratibu tunaousimamia vizuri hivi kwa ng'ombe tunautupa pembeni mtoto anapoleta karatasi ya matokeo.

Kwa mfano wa mtu mmoja, nimemchagua mwana wa Karatu, jirani zetu.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun tangu 1967, na siku ile ikahamia Tanzania. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. John Walker, mwenyeji, alimkimbiza mpaka kwenye utepe na yeye mwenyewe akapita chini ya rekodi ya zamani, lakini akawa wa pili. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Bayi akaweka na rekodi ya dunia ya maili.

Hayo tunayasimulia. Munich hatuisimulii. Katika Olimpiki ya 1972 Bayi, kijana wa miaka 19, aliingia mbio mbili, mita 1500 na mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na kote kuwili alitolewa kwenye mchujo. Hakuonekana fainali hata moja. Miezi michache baadaye, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, alimshinda Kipchoge Keino kwenye mita 1500, Keino yule aliyetoka Munich na medali mbili. Miguu ilikuwa ile ile. Ila dunia ikaanza kumjua Bayi kama mkimbiaji asiyengoja. Kawaida wakimbiaji wa mita 1500 hujibanza kundini, wakatunza nguvu za mita mia mbili za mwisho. Humo kundini kuna kusukumana, kukanyagana na kufungiwa ndani wakati wenzako wanachomoka. Bayi akawa anatoka mbele bastola inapolia na kuwalazimisha wengine wakimbie mbio anazozitaka yeye. Naamini mtu hafikii mtindo wa namna hiyo kama hajakubali kwanza kwamba njia ya wengine haikumfaa.

Ikaja Olimpiki ya Montreal, 1976. Watu wa riadha duniani walikuwa wakingoja pambano la Bayi na Walker, na halikufanyika. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mbele kabisa, zikasusia michezo ile kwa sababu New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500. Kwenye karatasi Bayi hana kitu mwaka huo. Ukiuliza sababu, hutapata zoezi alilolikwepa wala mbio aliyoianza vibaya. Nchi ilisimama na watu waliokuwa wakinyimwa utu wao, na sehemu ya gharama ikamwangukia yeye katika miaka yake bora. Naiona ni heshima kubwa, na naona pia ni hasara ya kweli. Lakini kama angerudi mazoezini kutafuta alikokosea, angekuwa anatafuta ng'ombe ambaye hakupotea kwake.

Miaka minne baadaye, Moscow, aliingia fainali ya kuruka viunzi na maji. Akafanya lile lililompa jina: akatoka mbele, akafungua pengo kubwa. Lakini nyuma yake Bronisław Malinowski wa Poland alikuwa akilipunguza kidogo kidogo, na kwenye mzunguko wa mwisho akampita. Bayi alipata fedha. Pamoja na fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000 kwenye michezo hiyo hiyo, ndizo medali za Olimpiki ambazo nchi yetu imewahi kupata mpaka leo, kwa hiyo sisemi kwamba Moscow ilikuwa aibu. Nataka tuangalie kilichotokea ndani yake. Mtindo uliomwinua Christchurch ndio uliomchosha Moscow, maana mita 3000 zenye viunzi na dimbwi zinakula nguvu tofauti na mita 1500 za uwanja mtupu. Walimu tuliangalie hili kwa makini. Somo tulilolipata kwa kushindwa kwetu sisi, miaka yetu ya shule, tunapenda kumpa kila mtoto kama dawa moja ya magonjwa yote.

Nimetaja riadha, na najua kuna mtu anangoja jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu. Watu wanaijua marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, alivyoanguka, akaumia goti, akafika uwanjani wakati giza limeshaingia na watu wengi wameondoka. Alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa saa 3 na dakika 25, huku wakimbiaji 18 wakiwa wameacha njiani. Hadithi hii huishia hapo, na kwa kuishia hapo tunamgeuza kuwa picha ya kuvumilia maumivu. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Napenda vijana wetu wasimuliwe na hiyo ya Edinburgh.

Turudi kwenye karatasi ya matokeo, kwa sababu ndiyo inayoamua mambo hapa. Daraja linatokana na masomo saba. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Aliyepata F saba ana pointi 35. Aliyepata D moja na F sita ana pointi 34, na wote wawili wanaandikiwa daraja sifuri. Lakini hawalingani. Yule wa 34 ana somo moja alilolifaulu, na kama angepata D nyingine moja angekuwa na pointi 33, yaani daraja la nne. Nani katika familia amekaa naye akamwuliza somo lile lilikuwa lipi, na kwa nini lile na si mengine? Mara nyingi ni Kiswahili. Jibu hilo lina maana kubwa. Mtoto wa Soitsambu amekua anaongea Kimaa, akaingia darasa la kwanza akakuta Kiswahili, na alipoanza kukimudu Kiswahili akavuka kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Aliyefaulu Kiswahili peke yake ametuonyesha kwamba anajifunza vizuri katika lugha anayoielewa. Hayo mengine huenda hakuyafeli. Huenda hakuwahi kufundishwa kwa namna inayomfikia.

Ukitaka kuona kwamba si kila sifuri ni ya mtoto, kumbuka matokeo yaliyotangazwa Februari 2013. Watahiniwa zaidi ya 240,000, zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani, walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yale yakapangwa upya. Taifa zima haliwezi kuwa limezaa wavivu mwaka mmoja.

Hapa ndipo pagumu, na sitaki vijana mkimbilie upande mmoja. Mkiambiwa mazingira ni magumu mtafurahi, kwa sababu ni kweli na kwa sababu yanawaondolea lawama. Mfugaji wa 2009 hakuuleta ukame. Lakini mwulizeni faragha, atawaambia kwamba kulikuwa na mwezi ambao nyasi zilikuwa zimeanza kuisha na bei mnadani bado nzuri, na akasema ngoja kidogo, mvua itakuja. Akauza dume mmoja wakati angeuza kumi, na waliobaki wakaisha kwa bei ya ngozi. Ukame haukuwa wake. Siku ya kuuza ilikuwa yake. Hasara moja, na mambo mawili ndani yake, na somo analoweza kulitumia tena liko kwenye siku ya kuuza. Kwa mwanafunzi ni vivyo hivyo. Lugha, umbali wa shule, mwalimu wa hesabu aliyehama katikati ya mwaka, hayo si yake. Kukaa kimya darasani miaka minne kwa kuogopa kuchekwa Kiingereza chake, hilo lina sehemu yake, japo tuliomcheka tuna sehemu kubwa zaidi.

Na wazazi, naomba niseme hili kwa heshima. Kijana wa hapa anaweza kufika miaka ishirini hajawahi kumsikia baba yake akisema, pale nilikosea. Anaona ng'ombe waliobaki, hasikii habari ya waliokufa na sababu yake. Basi anapoanguka anadhani yeye ndiye wa kwanza katika ukoo mzima. Mzee akimsimulia mwanawe habari ya siku aliyochelewa kuuza, hapungukiwi heshima yoyote, na mtoto anajifunza jinsi mtu mzima anavyoitazama hasara yake.

Mchana tutagawanyika. Vijana wenye karatasi za matokeo wakae wawili wawili na mwalimu, wapitie somo kwa somo. Tafadhali msiangalie daraja kwanza. Anayetaka kidato cha tano anahitaji C tatu, na kozi nyingi za astashahada vyuoni zinataka D nne, kwa hiyo mwenye D mbili hana haja ya kurisiti masomo saba. Atafute mawili anayoweza kuyamudu, ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na masomo hayo tuyaandike leo kwa majina, pamoja na jina la mtu atakayemfundisha. Asiyetaka kurudi darasani aulize habari za vyuo vya ufundi vya VETA, na fani anayoitaka nayo iandikwe. Wazee watakaa chini ya mti ule wa pili. Swali lao ni moja: katika mifugo uliyoipoteza, ni ipi ambayo ungeweza kuiokoa, na ulijuaje? Mkiwa tayari, tutawaletea vijana wawasikilize. Akina mama mtakuwa na kundi lenu pamoja na wasichana, na ninyi mtaanza na jina la kila msichana wa kijiji hiki aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, na yuko wapi leo.