Mwenye Pawa Aonyeshe Cheti?



Tuliombwa tuseme machache juu ya swali lililobaki kwenye mkutano uliopita: je, mtu mwenye msumeno wa injini, huu tunaouita pawa, alazimishwe kuwa na cheti? Aliyeuliza ni mama mmoja, na waliokuwapo wanajua kwa nini sauti yake ilikatika. Mwaka 2022 mwanawe alikwenda kuangusha mkaratusi kwa jirani, kibarua cha siku moja. Alikuwa na kaptura na ndara. Pawa ilimpata juu ya goti. Mpaka leo anatembea kwa mkongojo, na aliyemwita kazini alileta unga na sukari, basi.

Hebu tuseme ukweli. Kijana huyu hakufundishwa. Alionyeshwa kamba ya kuvuta, akaonyeshwa pahali pa petroli na pahali pa oili, akaambiwa endelea. Mnyororo wa pawa ukipewa moto wote hukimbia mita 20 hivi kwa sekunde moja. Mguu hauwezi kuukwepa.

Kuna mambo fundi hana budi kuyajua, na hayaonekani kwa macho tu. Ncha ya juu ya lile bapa la chuma ikigusa gogo au tawi, pawa huruka ghafla kumrudia mtu usoni. Ndiyo sababu ina breki ya mnyororo mbele ya mkono, na ndiyo sababu haiinuliwi kupita mabega. Ukitaka kuangusha mti, kwanza utazame umeegemea wapi na upepo unatoka wapi. Halafu ukate mdomo upande unaotaka uangukie, robo ya unene wa shina au kupita kidogo. Kisha ukate kutoka nyuma, lakini usimalize! Acha kipande katikati, kama sehemu moja ya kumi ya unene, kiwe kama bawaba ya mlango. Bawaba hiyo ndiyo inayoushika mti ushuke polepole pale ulipopanga. Ukiikata yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Na kabla hujavuta kamba, safisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, na watu wengine wote wakae mbali, urefu wa miti miwili. Watoto wetu hupenda sana kuja kutazama.

Sasa, sheria inasemaje? Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuingia na pawa katika msitu wa umma bila kibali. Ni vizuri, lakini sheria hiyo inalinda mti. Katika shamba lako, penye mgrevilia wako mwenyewe, hakuna anayekuuliza kama kijana uliyemwita anajua kazi. Huko Ufilipino walipitisha sheria ya pawa mwaka 2002, na kule hata kununua au kumiliki kunataka kibali. Shabaha yao kubwa ilikuwa kuzuia ukataji haramu wa misitu.

Je, na sisi tufanye hivyo? Wengine hapa wanasema kesho hata jembe litatakiwa cheti. Tusiwacheke. Wanajua karatasi ikitakiwa, ofisi iko mbali, nauli ni yako, na njiani kuna mtu anayetaka chai. Tena wazee wetu wanakumbuka kupasua mbao kwa msumeno wa mkono, mmoja juu na mwingine shimoni akila unga wa mbao kutwa nzima. Pawa iliwatoa shimoni. Kijana maskini aliyekopa kikundini akanunua pawa, ukimfungia kwa karatasi ya kumiliki umemfungia ugali.

Kwa hiyo sisi tunaona hivi: cheti kiwe cha anayetumia, si cha anayemiliki. Mwenye matatu si lazima ajue kuendesha, lakini dereva lazima awe na leseni. Mjane aliyeachiwa pawa na mumewe aendelee kuikodisha, ila asimpe mtu asiyejua. Mafundi wengi wa ujenzi na wa magari waliojifunzia kazini wamefanya mtihani wa gredi wa serikali bila kukaa darasani miaka. Mkata miti naye apimwe hivyo hivyo, kwa mikono yake, mbele ya gogo.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, mnasoma juu ya watu wawili walioenda kukata miti, na shoka likachomoka likamwua mmoja. Mwenzake alipewa pahali pa kukimbilia kwa kuwa hakukusudia. Lakini sisi tukijua chuma kimelegea na bado tunamtuma mtoto wa mtu, tutasema hatukukusudia?

Tunasema hivi na kosa letu liko wazi. Mwaka 2016 tuliangusha misaipresi ya kiwanja chetu wenyewe, na vijana waliokuja hatukuwauliza lolote ila bei. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa bahati tu.

Serikali ikichelewa, kikundi kinaweza kuanza. Andikeni katika daftari la kikundi kwamba hakuna mti wa mwanachama utakaoangushwa na mtu asiyepimwa, na kwamba anayekata hayuko peke yake. Kofia ngumu, vya kuziba masikio, na zile suruali zenye nyuzi ndani zinazoubana mnyororo usimame, ni ghali kwa mtu mmoja. Vikundi vitatu vikichanga, seti moja inazunguka.

Tumepata fundi mzee aliyekubali kufundisha siku mbili. Kila kikundi kilete jina la kijana mmoja, na pawa moja kama ipo, kabla ya mkutano ujao. Yule mama amesema mwanawe atakuja pia. Anataka kuwaonyesha wenzake mwenyewe alikuwa amesimama wapi.