Picha ya mtoto, na kitu kilicho nyuma yake

(Mazungumzo kwenye mkutano wa mutualite yetu, Kamituga)



Sikuja kukataza montaji. Naanza na hiyo juu naona wapiga-picha kule nyuma wameshakunja sura.

Kila Noeli na Bonane tunaona namna inavyofanyika. Mtoto anasimama mbele ya kitambaa cha kijani, anapigwa picha, halafu kwenye ordinatere, siku hizi hata kwenye telefone, ile kijani inaondolewa na fasi yake inawekwa kitu kingine: ndege, bustani, nyumba ya magorofa, hata theluji. (Kama mama amemvalisha gauni ya kijani, gauni nayo inaenda. Kinabaki kichwa na mikono.) Anayejua kazi anaangalia kwanza jua la ile bustani linatoka upande gani, anaweka taa upande ule ule. Anatafuta kivuli chini ya miguu, mtoto asielee. Nywele ndizo zinakula wakati. Asiye na subira anazikata kama na makasi, mtoto anatoka na kichwa cha sanamu.

Na haikuanza na telefone. Kule Lamu, pwani ya Kenya, Omar Said Bakor alikuwa anakata picha na kuziunganisha kwa mkono. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga-picha walikuwa wanawasimamisha watu mbele ya meli na ndege za kuchorwa. Mtu anapenda kusimama fasi ambayo hajafika. Mtoto wa mama anayetwanga mawe ya zahabu hapa kwetu naye asimame kwenye maua, kuna ubaya gani?

Lakini kwa jamaa zilizotawanyika, ile picha inafanya kazi ya pili. Inasema mtoto yuko wapi na anaishi namna gani.

Mama mmoja alirudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Bwana alibaki kule. Alimtumia picha ya binti yao: gauni nyeupe, nyuma yake sofa ya ngozi, madirisha makubwa, gari nje. Alitaka baba ya mtoto afurahi. Bwana aliuliza neno moja tu, hiyo nyumba ni ya nani, kisha akaacha kujibu. Miezi minne! Mama alipokuja kwangu nikamuomba ile picha ya kwanza, yenye kitambaa. Studio ilishaifuta, telefone ilikuwa imejaa. Basi tukapiga ingine, mtoto mbele ya nyumba yao ya mbao, mabati yanaonekana, jirani anaanika mihogo. Tukaituma kwa kupitia shemeji. Ile njo ilimrudisha bwana kwenye telefone.

Kuna na hili la uso. Programu nyingi zinalainisha ngozi, zinaifanya nyeupe, kovu linapotea. Baada ya 1994, kwenye kambi za wakimbizi huku Kivu, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na wazazi wakatafuta sura moja kwa moja. Kovu juu ya jicho linaweza kumrudisha mtoto nyumbani. Musiruhusu lifutwe kwenye picha zote.

Kwa hiyo naomba picha mbili. Moja ya furaha, mufanye mnavyotaka. Ingine bila kuguswa, mbele ya nyumba, mukiandika nyuma yake jina, tarehe na fasi. Hiyo ya pili si ya kuweka kwenye status ya WhatsApp. Inakaa nyumbani na kwa jamaa tu.

Vijana wa studio, nimeshaongea na watatu wenu: picha ya kwanza itumwe kwa mzazi mbele ya kufutwa, bila kuongeza franga. Wawili walikubali. Wa tatu aliuliza nani atalipa megabaiti. Ameuliza vizuri. Namuomba mama anayechunga sanduku letu asimame atujibu.