Uvimbe wa Kifandugu kwa Watoto Wachanga
(Hotuba iliyosomwa Kingerikiti mbele ya wanachama)



Twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo ambalo huenda mkaona si kazi ya karani. Miaka kadhaa iliyopita, katika zahanati ambayo hatutaitaja, mama mmoja alimleta binti yake wa siku tisa, naye ana uvimbe kadiri ya limau mwisho wa uti wa mgongo. Sisi ndio tulioshika kalamu. Tuliandika “jipu”, mama akapewa dawa ya kupaka, akaenda zake. Aliporudi, mtoto alikuwa wa miezi minane, na uvimbe umekuwa mgumu. Tulimzika kabla hajatembea.

Basi tumejifunza, ijapokuwa tumechelewa. Uvimbe huo waganga huuita teratoma, nao huota penye kifandugu. Humpata mtoto mmoja katika 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa, na wasichana kuliko wavulana mara tatu au nne. Akizaliwa nao, mara nyingi si saratani. Lakini miezi miwili ikipita, hatari huzidi. Kwa hiyo neno “jipu” lilimnyang'anya mtoto siku zake za kupona.

Utatambulikaje? Mgongo wazi kwa kawaida huwa juu zaidi, katikati ya mgongo, na pengine miguu hulegea. Teratoma hukaa chini, karibu na njia ya haja kubwa. Mwaka 1974 Altman na wenzake waliigawa namna nne: ya kwanza karibu yote yaonekana nje, ya nne yote imejificha ndani ya nyonga, wala jicho haliioni. Hapo dalili ni mtoto kufunga choo au kukojoa kwa shida, naye mganga hupapasa kwa kidole katika njia ya haja kubwa. Ultrasaundi huonyesha mengine, hata mama angali mjamzito. Damu pia hupimwa alfa-fetoprotini. Lakini kila mtoto mchanga huwa nayo nyingi, hivyo lazima isomwe kwa kufuata umri wake.

Uvimbe huu usitumbuliwe wala kuchanjwa. Dawa yake ni kupasuliwa, na kifandugu kiondolewe pamoja nao. Gross na wenzake walionyesha mwaka 1951 kwamba kikiachwa, uvimbe huweza kurudi. Kisha mtoto hufuatwa kwa miaka mitatu hivi.

Ndugu zetu, kutoka hapa hata Litembo au Peramiho ni safari ya milima, na Muhimbili ni mbali zaidi. Mama hataianza safari hiyo iwapo karatasi yake yasema “jipu”. Twawasihi makarani wenzetu: andikeni mnachokiona, yaani mahali, ukubwa na umri, na jina la ugonjwa mwachieni mganga. Tena mwambieni mama aende juma hilo hilo, asingoje mavuno.