Dawa Ikimuzuru Mugonjwa, Nani Anaandika?

(Maneno yaliyosemwa kwa jina la komite mbele ya wanachama, waganga na wafazili)



Leo hatusemi juu ya michango (madeni kila mutu anajua yake). Tunasema juu ya dawa inayomuzuru mutu aliyekuja kutafuta kupona.

Munakumbuka mambo ya Ituri? Kuanzia mwezi wa 12 mwaka 2014, watu walifika hospitali shingo imepinda, ulimi unatoka inje, uso umekazika. Wengi walikuwa watoto. Mwanzoni iliogopwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Huku kwetu tungesema karuho, ao mapepo. Walilazwa zaidi ya 900. Kumbe ilikuwa komprime ya manjano iliyouzwa kwa jina la diazepam, na ndani yake mulikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili! OMS ilitoa tangazo mwezi wa 7, 2015. Muhesabu wenyewe ni miezi mingapi.

Tuliuliza maenfirmye sababu gani hawaandiki. Walitujibu bila kuficha. Mumoja anaogopa ataulizwa: "Wewe ulimupa dozi gani?" Mwingine anasema hana hakika kama ni dawa ao ni ugonjwa wenyewe. Mwingine alituma fishi kwenye zone, hakuna jibu, akachoka. Na kuna wale wanaosema hiyo ni kazi ya dogta.

Tunawaelewa, lakini kwa neno la hakika hatukubali. Fishi haiombi hakika, inaomba mashaka tu. Congo iko ndani ya programu ya OMS ya kufuata mazara ya dawa tangu 2010, na kituo cha taifa kiko Kinshasa. Kupima na kulinganisha njo kazi yao kule. Enfirmye anaandika alichoona: dawa gani, siku gani, mwili ulifanya nini. Jibu kutorudi, hapo wana haki, na tutaipeleka kwa muganga mukubwa wa zone.

Hata madogo yaandikwe. Ile dawa ya malaria ya artesunate na amodiakini, iliyowekwa na serikali mwaka 2005, wangapi kati yenu mulisema inaregeza mwili, mukaiacha katikati? Lalamiko lilibakia barazani, malaria ikarudia.

Sasa la kwetu. Sanduku letu lililipia mutoto wa mwanachama aliyebabuka ngozi kama aliyeunguzwa na maji ya moto, kisha kumeza dawa. Kwenye kituo kimoja mama aliambiwa asiseme sana. Fakture tunayo, bei iko, jina la dawa haliko. Plakete alikuwa amekwisha kuitupa. Mutoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini akishikwa tena na homa, mama hajui ni dawa gani aikatae. Sisi tuliorudia kutoka kambi za Tanzania, wengi hatuna hata fishi ya zamani ya kuonyesha, na tunanunua dawa popote tunapoikuta.

Wafazili, kwa hii hatuombi gari. Tunaomba fishi zichapwe, na unite za simu kwa enfirmye wa kila kituo ili apige picha na kuituma kwenye zone siku ileile.

Wanachama, dawa ikimugeuka mutu nyumbani, mumupeleke kituoni mbio, na mubebe plakete, hata kama ni tupu. Wakikataa kuandika, muilete kwa katibu wetu, ataandika jina na tarehe kwenye kaye ya shirika.