Muziki wa Mitambo, na Kaseti Niliyoifuta

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wahitimu)



Kamati iliponiomba niseme maneno machache, niliambiwa nichague jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Walionitangulia miaka iliyopita walizungumza juu ya kodi, kilimo cha korosho na shinikizo la damu. Mimi nimekuja na muziki wa mitambo ya umeme. Naona wengine mmeshaanza kutazama saa. Nivumilieni kidogo, maana mwishoni nina deni la kulipa, na wanaonidai wamo humu ndani.

Kazi yangu serikalini kwa miaka 18 imekuwa majalada. Nilianzia masjala, na ingawa sasa nina meza yangu na kiti kinachozunguka, bado moyo wangu uko masjala. Kule mtu hujifunza jambo moja mapema: kisichofunguliwa jalada, baada ya miaka michache, ni kama hakikutokea. Barua ilifika, mzee alitembea kilomita arobaini kuileta, lakini kama haikupigwa mhuri na kuingizwa katika daftari, basi hakuna barua. Kwa jicho hilo hilo la masjala ndivyo ninavyotazama zile santuri za mkusanyo zinazodai kueleza historia ya muziki.

Nilipokuwa Chuo Kikuu, mwenzangu wa chumba alipelekewa na ndugu yake wa Ulaya kisanduku chenye sidii tatu. Kiliitwa OHM, na jina lake refu lilisema kwamba humo wamo magwiji wa mwanzo wa muziki wa elektroniki, kuanzia 1948 hadi 1980. Kilitolewa Marekani mwaka 2000, kina vipande 42 na kijitabu cha maelezo. Jioni ya kwanza tulisikiliza kwa dakika kumi tu, jirani akagonga ukuta akiuliza kama jenereta limeharibika. Wanafunzi, hata ninyi mmecheka hivi punde nilipowapigia kile kipande cha Pierre Schaeffer. Sikilizeni basi kilivyotengenezwa. Schaeffer alikuwa mhandisi katika redio ya Ufaransa, mtumishi wa umma kama mimi. Mwaka 1948 alikwenda stesheni ya treni mjini Paris, akanasa milio ya magurudumu, mvuke na honi, kisha akaipanga upya katika santuri, hiki kikirudiwa, kile kikikatwa. Hakupiga ala yoyote. Alichukua sauti ya mtaani akaifanyia kazi mezani, kama seremala na ubao. Leo kijana wa Dar es Salaam mwenye kompyuta chakavu anafanya hivyo hivyo, na haoni ajabu.

Nilikisikiliza kisanduku kile mwaka mzima. Nilikipenda, nasema kweli. Lakini tabia ya masjala ilinifanya nisome orodha ya majina kuliko nilivyosikiliza, nikaanza kutafuta nani hayumo.

Hapo ndipo niliposoma habari za Halim El-Dabh. Naomba nikae naye kidogo, maana ndiye aliyenileta hapa.

El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921. Hakusomea muziki kwanza, alisomea kilimo. Mwaka 1944 aliazima kutoka kituo cha redio cha Cairo mtambo mzito wa kunasa sauti. Ukanda wa plastiki ulikuwa haujafika huko. Mtambo ulinasa sauti katika waya wa chuma mwembamba kama uzi, na saa moja ya sauti ilikula zaidi ya kilomita mbili za waya. Kwa maelezo yake mwenyewe, yeye na mwenzake walijifunika vichwa kama wanawake wakajipenyeza katika zaar. Ninyi mliotoka pwani hamhitaji kuelezwa sana zaar ni nini: ni ngoma ya kupunga pepo, na kule Cairo ilikuwa shughuli ya wanawake. Wakanasa nyimbo.

Angeweza kuishia hapo, akawa mtu aliyerekodi ngoma. Hakuishia. Alirudi redioni, na huko kulikuwa na chumba cha mwangwi ambacho kuta zake ziliweza kusogezwa. Akaipiga sauti ile ndani ya chumba, akainasa tena, akasogeza ukuta, akanasa tena. Akacheza na nguvu ya umeme. Akaiondoa ile sauti ya msingi ya waimbaji, akaacha zile sauti nyembamba za juu zinazoifuata, ambazo kwa kawaida sikio halizitambui peke yake. Kilichobaki si wimbo wala si ngoma. Ni kama mtu anayesikia ngoma kutoka ng'ambo ya mto, usiku, na upepo unageuka geuka. Mwaka huo huo aliwasikilizisha watu kazi hiyo katika maonyesho mjini Cairo. Hiyo ni miaka minne kabla ya treni za Schaeffer.

(Hapa msemaji aliwapigia wasikilizaji kipande hicho.)

Sipendi sana mashindano ya nani alikuwa wa kwanza. Huwa yanaishia kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kwanza haikuwa kazi ya mtu mmoja. Warusi walikuwa na theremini tangu miaka ya 1920, ala ambayo mpigaji haigusi kabisa. Linaloniuma ni jalada.

Maana mtu anaweza kunijibu: kisanduku kinaanzia 1948, El-Dabh ni wa 1944, basi yuko nje ya muda. Jibu la karani mzuri. Lakini humo humo, kipande cha pili, umo muziki wa Mfaransa Olivier Messiaen uliotungwa mwaka 1937. Kumbe mlango ulikuwa unafunguka kwa wengine. Tena El-Dabh hakuacha kazi mwaka 1944. Alikwenda Marekani mwaka 1950, na ilipofika mwisho wa miaka hiyo akaingia katika maabara ya muziki wa elektroniki ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, mahali penye mtambo uliojaa chumba kizima. Mwaka 1964 maabara hiyo ilitoa santuri ya kazi zake, yenye watunzi sita. Watatu walikuwa wakuu wa maabara: Luening, Ussachevsky na Babbitt. Watatu walikuwa wageni: Arel kutoka Uturuki, Davidovsky kutoka Argentina, na El-Dabh wa Misri na kazi yake ya Leiyla na mshairi. Sasa fungua kisanduku cha mwaka 2000. Wale wakuu watatu wamo wote. Wageni watatu hayumo hata mmoja.

Sidhani kuna aliyekaa mezani akasema, toa Mturuki, toa Mmisri. Nimekaa katika kamati nyingi mno kuamini hivyo. Mambo huenda kwa namna nyingine. Sidii moja haifiki hata dakika 80. Kazi kubwa ya Stockhausen iitwayo Kontakte ina zaidi ya nusu saa, na wao walilazimika kuweka kipande tu. Haki za kazi zina wenyewe, na wenyewe wana bei. Basi mtu akichoka saa kumi na moja jioni, huchagua jina ambalo jalada lake liko juu. Mwenye jalada nene huongezewa karatasi. Ndivyo historia nyingi zinavyoandikwa, kwa uchovu.

Baadaye kampuni moja ya Brussels iitwayo Sub Rosa ilifanya mkusanyo mwingine, juzuu saba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 2013. Hao hawakufuata mpangilio wa miaka. Kazi ya 1921 inakaa jirani na ya jana. Nilipokutana nao mara ya kwanza niliona ni vurugu tupu, jalada lisilo na namba za kurasa. Lakini humo, katika juzuu ya nne ya mwaka 2006, ndimo nilimomkuta El-Dabh na waya wake. Siyo kazi nzima. Ya asili ilikuwa zaidi ya dakika 20. Iliyomo ni kama dakika mbili. Dakika mbili zilizomtoa nje ya giza. Alifariki Marekani mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 96, baada ya kufundisha miaka mingi, na hata kufundisha Addis Ababa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijana wengi duniani waliomjua mwishoni walimjua kwa dakika mbili hizo.

Na ninyi msidhani haya ni ya Cairo na New York tu. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati. Muziki uliokuwa ukipigwa kwenye vigodoro, ambao wazazi wenu waliuita kelele, ukasikilizwa Ulaya. Mimi mwenyewe kasi yake hainifai, kiuno hakinitii tena. Lakini jalada limefunguliwa.

Sasa nije kwenye deni.

Wazee wa bendi, mwaka 1981 mwalimu wetu wa muziki aliwakusanya hapa hapa bwaloni, akaning'iniza kipaza sauti kwenye boriti ile, akanasa nyimbo zenu saba katika kaseti moja. Aliitunza kaseti hiyo katika kabati la stoo ya muziki. Alivunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Mwaka 1998 mimi nilikuwa kidato cha pili. Redioni palikuwa na kipindi cha nyimbo mpya, na sikuwa na kaseti. Niliichukua ile, nikajaza karatasi ya daftari mahali pa vijino, nikabonyeza.

Mwalimu alipoitafuta na kuikosa, alituita gwaride la jioni, akauliza mara moja tu. Hakuna aliyejibu. Kiranja wa stoo alivuliwa cheo, akafyeka majani wiki nzima. Yumo humu leo. Jana usiku pale mgahawani nilimweleza. Alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kwa nini nimengoja hadi Mwalimu amekwisha kufa. Sikuwa na jibu, na sasa pia sina.

Nimeitunza kaseti hiyo tangu wakati huo, katika sanduku langu la vyeti. Upande wa kwanza nimeufuta wote, na wa pili karibu wote. Nyimbo za redio zilipokwisha, utepe uliendelea, na mwishoni kabisa zimebaki sekunde 40 hivi: saksafoni inamalizia, mtu anaimba kiitikio mara mbili, halafu sauti ya Mwalimu inataja tarehe. Wazee, nadhani mnaijua sauti ile ya kiitikio ni ya nani. Mwenzenu alifariki mwaka 2009, na watoto wake wameniambia hawana sauti yake popote pengine.

Kamati inatayarisha mkusanyo wa nyimbo za shule kwa ajili ya jubilei. Katika kikao cha Machi nilipendekeza sekunde hizo ziwemo, bila kusema nimezipata wapi. Nilijibiwa kwamba sekunde 40 si wimbo, kwamba zina mchakacho, na kwamba nafasi ni ya kwaya, ambayo ina kanda safi za studio. Hoja hizo zote ni za kweli. Ndiyo maana leo nimewachosha na habari za waya wa Cairo. Naomba Kamati ilifikirie tena, na kama nafasi haitoshi, ipunguzwe hotuba ya mgeni rasmi wa mwaka 1992, inayochukua dakika sita na inahusu mbolea.

Tena wahitimu, Kamati itakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Mwenye kaseti yoyote ya shule nyumbani, hata iliyoliwa na ukungu, hata isiyo na lebo, aikabidhi kwa Katibu kabla ya siku hiyo. Asiisafishe wala asijaribu kuipiga katika redio mbovu; ailete ilivyo. Wanafunzi wa klabu ya muziki wamekubali kuzinakili, na mitambo ya kufanyia nitaileta mimi.

Kaseti yenyewe ni hii hapa. Mkuu wa Shule, naomba uipokee, na naomba nipewe stakabadhi.