Almasi Kubwa Kupita Zote, na Jinsi Ilivyopasuliwa



Siku moja niliwasimulia wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu habari za jiwe la almasi lililopasuliwa vipande vipande kwa ridhaa ya wenyewe. Kijana mmoja akasimama, akaniuliza, "Mwalimu, mtu aliyepata jiwe lisilo na mwenzake duniani, mbona alivunje?" Kengele ikalia kabla sijamjibu vema. Basi leo namjibu, na ninyi mwe mashahidi.

Tarehe 26 Januari 1905, katika machimbo ya Premier, nchi ya Transvaal katika Afrika ya Kusini, msimamizi mmoja jina lake Frederick Wells alikuwa akizunguka kuangalia kazi. Akaona kitu kinametameta katika ukuta wa shimo, kiasi cha futi 18 chini ya uso wa nchi. Yasimuliwa kwamba kwanza alidhani ni kipande cha chupa. Akakichokoa, akakitoa, kumbe ni almasi, nayo yajaza kiganja cha mkono. Urefu wake ulikuwa kama inchi 4, na upana inchi 2 na nusu. Ilipopimwa ikaonekana uzito wake ni karati 3,106. Karati ni kipimo cha wauza vito, na karati 5 ni gramu moja. Kwa hiyo jiwe lile lilikuwa na gramu 621, yaani zaidi ya ratili moja na robo. Hata leo haijapata kuonekana almasi ya kufaa kwa vito iliyo kubwa kuliko hiyo.

Jiwe likaitwa Cullinan, kwa jina la Thomas Cullinan aliyeyafungua machimbo yale. Wells aliyelitoa ardhini hakupewa heshima hiyo. Na vibarua Waafrika waliochimba shimo hata likafika kina kile, wasimulizi wamewasahau kabisa.

Sasa jiwe lapaswa kwenda London, na njia ni ndefu, na wezi ni wengi. Wakubwa wakafanya hila. Askari wa upelelezi walipandishwa melini, kifurushi kikawekwa katika sanduku la chuma la nahodha, wakakilinda usiku na mchana. Ndani yake mlikuwa na jiwe la bandia! Almasi yenyewe ilitiwa katika kijisanduku cha kawaida, ikapelekwa kwa posta ya rejista, kama vile wewe unavyompelekea ndugu yako kifurushi. Ikafika salama.

Lakini huko London ilikaa miaka miwili pasipo mnunuzi. Jiwe kubwa mno laweza kuwa mzigo kwa mwenyewe, maana ni nani mwenye fedha za kulinunua? Hata mwaka 1907 serikali ya Transvaal ikalinunua kwa paundi 150,000, ili limpendeze Mfalme Edward wa Saba siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 9 Novemba. Ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu vita vya Makaburu na Waingereza kwisha, na wajumbe wa baraza hawakukubaliana wote: 42 walisema ndiyo, na 19 walisema la. Wenyeji weusi wa nchi ile hawakuulizwa, kwa kuwa hawakuwa na kura.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo mwanafunzi wangu hakulielewa. Almasi mbichi haing'ai kama tunavyodhani. Ni kama kipande cha barafu chenye ukungu. Nuru yake hutoka baada ya kuchongwa nyuso nyingi, zipokee mwanga na kuurudisha. Tena jiwe hili lilikuwa na doa jeusi ndani yake, wala halikuweza kuchongwa zima likawa safi. Ikabidi kulipasua. Nayo almasi, ingawa ni ngumu kuliko mawe yote, hupasuka kama ukuni ufuatao nyuzi zake: ukiigonga panapofaa hutengana sawasawa, ukikosea kidogo huvunjika vipande visivyo na thamani.

Kazi ile walipewa mafundi wa ukoo wa Asscher, wa mji wa Amsterdam, Uholanzi. Hila ikarudiwa: manowari ya Kiingereza ilivuka bahari ikilinda sanduku tupu, hali Abraham Asscher alisafiri kwa treni na meli ya abiria, na almasi i katika mfuko wa koti lake.

Joseph Asscher alilitazama jiwe kwa majuma kadhaa. Kisha ikachukua siku nne kukata ufa mdogo, nusu inchi tu. Tarehe 10 Februari 1908 akatia kisu cha chuma katika ufa ule, akakigonga. Kisu kikavunjika, jiwe lisitikisike! Fikirini moyo wa mtu yule. Akaleta kisu cha pili, akagonga tena, na almasi ikapasuka mapande mawili kama alivyokusudia. Watu husema kwamba alizimia papo hapo. Jamaa zake walikanusha, nami nawasadiki wao, kwa kuwa mtu wa kuzimia asingalithubutu kugonga mara ya pili.

Mafundi watatu wakaendelea kuchonga kwa muda wa miezi minane, saa 14 kila siku. Yakapatikana mawe makubwa 9 na madogo 96. La kwanza, lenye karati 530, limo katika fimbo ya enzi ya wafalme wa Uingereza. La pili, lenye karati 317, limo katika taji. Lakini ukiyajumlisha yote hupati ila karati 1,055 na kidogo. Yaani sehemu mbili katika tatu zilipotea katika kuchonga.

Nasi hapa Tanganyika tulipata yetu. Mwaka 1947, katika machimbo ya Mwadui karibu na Shinyanga, yaliyokuwa ya John Williamson wa Kanada, ilionekana almasi ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu. Ilikuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth; ilipochongwa ikabaki na karati 23 na kitu, nayo ikawekwa katikati ya ua la kubandika kifuani.

Limebaki neno moja. Wataalamu walipoichunguza Cullinan ilipokuwa mbichi, waliona baadhi ya nyuso zake ni laini, kana kwamba ilikatika kutoka katika jiwe kubwa zaidi. Katika machimbo ya Karowe, nchi ya Botswana, siku hizi hutumia mashine za miali ya eksirei kutambua mawe makubwa kabla hayajafika kwenye vinu, na huko ndiko lilikopatikana jiwe la karati 2,488 mwaka 2024. Mwaka 1905 hapakuwa na mashine hizo. Kama ile nusu nyingine ya Cullinan ilipita kinuni ikasagwa, au kama ingali imelala ardhini, hakuna aliyeiona mpaka leo.