Ulimi Unapokuwa Mzito
Somo: Luka 1:57-66



Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda, watu sita, kumtazama mzee mmoja wa kanisa letu hapa kisiwani Mombasa. Alikuwa amepatwa na kiharusi, naye akikaa kwa binti yake karibu na Ndia Kuu, katika Mji wa Kale. Kwa miaka mingi mzee huyu ndiye aliyetusomea Neno kanisani. Tulipomwambia "Shikamoo", midomo yake ilihangaika, neno lisitoke. Tukajiitikia wenyewe "Marahaba". Kisha tukaanza kumzungumzia kana kwamba hayupo: Anakula? Anatutambua? Tukaomba sala ndefu. Tulipofumbua macho, mzee alikuwa akitokwa na machozi. Binti yake akasema kwa upole, "Wazee wangu, baba anasikia. Amechoka tu." Tukashuka ngazi kimya.

Ndugu wapendwa, kiharusi kikidhuru upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi usemi huharibika. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka karibu "tan" peke yake, lakini alielewa mengi aliyoambiwa. Maneno yamefungwa, mwenyewe yumo. Wako pia ambao hata kuelewa huwawia vigumu, lakini hao nao si watoto wachanga. Wala uchovu wao si uvivu. Kulitafuta neno moja kwaweza kummaliza mtu nguvu za asubuhi nzima.

Mkumbukeni Zakaria. Alipokuwa bubu, majirani walikwisha kumchagulia mtoto wake jina. Mwishowe wakamwuliza kwa ishara, naye akaomba kibao, akaandika. Jibu lilikuwamo moyoni mwake siku zote; lilingoja mtu wa kuuliza.

Juma lililofuata tulirudi wawili tu, asubuhi, kabla ya joto na kabla mzee hajachoka. Tukazima redio. Tukamwamkia, tukangoja. Marahaba haikuja, ila alitushika mkono, ikatosha. Tukamwuliza jambo moja moja, la kujibiwa kwa kichwa, ndiyo au la. Kisha tukaimba wimbo wa zamani, na mzee akaimba nasi, maneno yakitoka! Hatukutangaza kwamba amepona. Madaktari wanajua kuwa wimbo uliozoeleka huweza kupita pale usemi unapokwama. Lakini tulifurahi pamoja naye. Baada ya robo saa akafumba macho, nasi tukaaga. Hata Eliya alipochoka chini ya mti, malaika hakumkemea. Alimpa chakula, akamwacha alale tena.

Je, yuko nani karibu nawe uliyeacha kumtembelea kwa kuwa hujui la kusema? Nenda, keti, ungoje. Mungu huusikia moyo kabla ulimi haujapata neno.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe haraka yetu. Uwatie nguvu waliochoka, nasi utupe masikio yenye subira. Amina.